Nguvu za ziwani, mbio za uwanjani: kuuelewa mwendo wa asili katika mazoezi

Kigoma mjini, kando ya Ziwa Tanganyika, kila timu ya vijana ikifungwa dakika za mwisho, mabishano ya vijiweni huangukia pande mbili. Wa kwanza wanasema vijana wa siku hizi wameharibiwa na vyuma na mashine. Zamani mtoto wa Katonga au Kibirizi alipiga kasia, akavuta nyavu, akapandisha mlima na dumu la maji kichwani, na hakuna beki aliyemweza. Wa pili wanasema hizo ni hadithi za wazee: timu kubwa zina jimu, sisi tuna mchanga na mawe, tusitarajie miujiza. Nimefundisha vijana wa mpira na riadha mkoani hapa kwa muda wa kutosha kuona kwamba pande zote mbili zinagusa jambo la kweli, kisha zinakosea mahali pamoja. Zote zinadhani nguvu ni kitu kimoja, kwamba ukishakuwa nacho unakwenda nacho popote.

Kijana aliyevuta nyavu usiku kucha ana nguvu, hilo halina ubishi. Lakini kusimama ghafla kwa mguu mmoja, kugeuka na kumfukuza winga aliyekwisha kukupita ni nguvu nyingine, inayojengwa kwa njia nyingine. Asiyetofautisha hizo mbili atawachosha vijana wake bure, au atawaumiza.

Tuanze na maana. Mazoezi ya mwendo wa asili ni njia ya kumwandaa mwanamichezo kwa miendo ambayo binadamu amekuwa akiifanya tangu aanze kusimama wima: kutembea, kukimbia, kuruka, kuchuchumaa, kuinama na kuinua, kusukuma, kuvuta, kubeba, kutupa, kupanda, kutambaa, kujipinda. Miendo hii hutumia viungo vingi kwa mara moja. Ukiinua kiroba cha mchanga kutoka chini, vifundo vya miguu, magoti, nyonga, mgongo, mabega na vidole vyote vina kazi, na kila kimoja kinasubiri kingine kifanye yake kwa wakati. Mashine inayomkalisha mtu na kumtaka anyooshe goti tu huondoa utegemeano huo: kiti kinashika mgongo, chuma kinapita kwenye reli yake, kinachobaki ni msuli wa mbele ya paja. Msuli huo utakua, sikatai, na mtaalamu wa tiba ya viungo anaweza kuitumia mashine hiyo kwa sababu nzuri kabisa kwa mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa goti. Ila uwanjani hakuna kiti.

Fikra hii si ya juzi. Georges Hébert, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa aliyeishi kati ya 1875 na 1957, aliipanga kuwa mfumo kamili mwanzoni mwa karne ya 20. Katika safari zake za baharini alivutiwa na watu aliowakuta Afrika na kwingineko, wepesi, wenye pumzi na ustadi, ambao hawakuwahi kuwa na mwalimu wa viungo. Mfumo wake uliigawa miendo katika makundi 10: kutembea, kukimbia, kuruka, kutembea kwa miguu na mikono, kupanda, kujimudu mahali pembamba, kutupa, kuinua, kujihami na kuogelea. Kaulimbiu yake ilikuwa kwamba mtu awe na nguvu ili awe wa manufaa.

Ukizitazama kazi za mkoa wetu kwa jicho lake, karibu makundi yote yamo. Kuogelea na kasia viko ziwani. Kupanda kuko kwenye michikichi, ambako mkwezi hujifunga mkanda wa kamba kiunoni na kuegemea nyuma huku nyayo zikisukuma shina. Kubeba kuko kila mahali, kutoka mikungu ya chikichi hadi magunia ya dagaa. Kutembea kuko kwenye milima ya Kasulu na Buhigwe, ambako kwenda shule tu ni zoezi. Kujimudu mahali pembamba, mtazame kijana anayetembea juu ya ukingo wa mtumbwi akiwa na karai la samaki mikononi. Hapo upande wa kwanza wa kijiwe unapata haki yake: mtoto wa huku anafika uwanjani akiwa na akiba ya miendo ambayo mtoto aliyekulia kwenye kiti na skrini hana.

Kwa nini akiba hiyo ina thamani? Jibu bora ninalolijua lilitoka kwa wafua chuma. Miaka ya 1920 mjini Moscow, mtaalamu wa fiziolojia Nikolai Bernstein alikuwa akichunguza namna wafanyakazi wanavyopiga nyundo. Aliwafunga taa ndogo mkononi, kutoka bega hadi kifundo, na kwenye nyundo yenyewe, akawapiga picha mfululizo wakipiga patasi. Hawa walikuwa mafundi waliopiga pigo hilohilo maisha yao yote, na mtu angetegemea kwamba mkono wa fundi kama huyo unapita njia ileile kila mara. Haikuwa hivyo. Nyundo ilifika palepale, lakini njia za bega, kiwiko na kifundo zilitofautiana kutoka pigo moja hadi jingine. Kiwiko kikikengeuka kidogo, kifundo kilirekebisha. Bega likichelewa, kiwiko kilifidia.

Bernstein alihitimisha kwamba ustadi hauwekwi mwilini kama muhuri usiobadilika. Mwili unajifunza kutatua tatizo, na kila mara unalitatua upya kwa hali iliyopo. Alikuita huko kurudia pasipo kurudia. Nikiwaza hilo huwa namwona mpiga kasia wa Ziwa Tanganyika. Hakuna wimbi linalofanana na lililotangulia, mtumbwi unayumba kushoto, upepo unageuka, shehena inasogea, na bado kasia linaingia majini mahali panapotakiwa. Kijana huyo amefundishwa kurekebisha tangu utotoni, na hakuna koni ya plastiki inayoweza kumpa kitu hicho kwa kuzungukwa mara hamsini kwa mpangilio uleule.

Kwa kocha, maana yake ni ya vitendo. Ukitaka mchezaji ajue kutua vizuri baada ya kuruka, usimrushe mara ishirini kutoka benchi moja kwenye sakafu ileile. Mrushie mpira upande asioutarajia, mguse bega kidogo akiwa hewani, mfanye atue kwenye mteremko, kisha kwenye nyasi, kisha kwa mguu mmoja akimtazama mwenzake anayekimbia. Lengo libaki lilelile, goti lisiingie ndani na mwili utulie, ila njia za kufika hapo ziwe nyingi.

Mpaka hapo wapenzi wa asili wanashangilia. Sasa tufike panapowakwamisha.

Mguu wa mkimbiaji aliye kwenye kasi yake ya juu hugusa ardhi kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Msuli wa binadamu, kwa upande wake, unahitaji sekunde 0.3 au zaidi kufikisha nguvu yake yote. Weka tarakimu hizo mbili pamoja na utaona tatizo: katika mbio za kasi, mguu umeshaondoka ardhini kabla nguvu kubwa kabisa haijapata muda wa kutoka. Anayeshinda ni yule anayeweza kutoa nguvu nyingi mapema, na ambaye kano zake (kamba zinazounganisha msuli na mfupa), hasa kano ya kisigino, zinajivuta na kurudi kama springi. Hilo ni suala la kasi ya neva kuamrisha misuli na ugumu wa kano, na halijengwi kwa kazi ya polepole hata ikiwa nzito kiasi gani.

Kuvuta nyavu ni kazi ya polepole. Inajenga mshiko wa vidole, mikono, mgongo wa juu, na uvumilivu wa kufanya jambo zito kwa muda mrefu. Kipa atafurahi kuwa na mshiko huo. Lakini beki wa pembeni anayetegemea nguvu hiyo kumkimbiza winga atabaki akishangaa kwa nini, pamoja na ubavu wake wote, anaachwa hatua tatu. Mwili hubadilika kulingana na unachodaiwa, kwa kasi inayodaiwa, katika pembe za viungo zinazodaiwa. Ziwa halijawahi kumdai mtu akimbie mita 30 kwa kasi yake yote na kusimama ndani ya hatua chache.

Kusimama huko ndiko kunakoumiza. Majeraha mengi ya goti yanayotokea bila mtu kugongwa huja wakati wa kutua, kupunguza mwendo au kubadili mwelekeo. Nayo misuli ya nyuma ya paja huchanika zaidi mguu unapotupwa mbele katika mbio za kasi, misuli ikirefushwa huku inavuta kuuzuia mguu usiende mbali zaidi. Hiyo ni kazi ya breki, na haifanani na kuvuta, kubeba wala kupanda.

Na hapa kuna jambo ambalo kila mshabiki wa mwendo wa asili anapaswa kulitafakari. Zoezi mojawapo lenye ushahidi mkubwa zaidi wa kuzuia majeraha ya nyuma ya paja si la asili hata kidogo. Mchezaji anapiga magoti juu ya khanga iliyokunjwa, mwenzake anamshika vifundo vya miguu kwa nguvu, naye anajishusha mbele polepole akiwa amenyooka kuanzia magoti hadi mabega, mpaka misuli ishindwe kuzuia, kisha anajipokea kwa viganja. Hakuna mvuvi, mkulima wala mkwezi anayefanya kitu cha namna hiyo katika kazi yake. Hata hivyo uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba timu zinazolitumia hupunguza majeraha hayo kwa karibu nusu. Linafanya kazi kwa sababu linaidai misuli ileile kitu ambacho mbio za kasi zitaidai: kushika huku ikirefuka.

Kipimo changu basi ni hiki: zoezi linadai nini mwilini, na mchezo unadai nini. Vikifanana kwa nguvu, kwa kasi, kwa pembe za viungo na kwa maamuzi ambayo mchezaji anapaswa kuyafanya, zoezi hilo litavuka kwenda uwanjani. Visipofanana, uasili wake hautalisaidia, wala bei ya mashine haitalisaidia.

Jambo la kubeba mizigo kichwani linastahili kuangaliwa kwa karibu, maana wasichana wetu wengi wamefika kwenye timu wakiwa na historia hiyo. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanyika Kenya kwa wanawake wa Kiluo na Kikuyu waliozoea kubeba, Waluo kichwani, Wakikuyu kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Iligundulika kwamba wangeweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nishati zaidi ya ile wanayotumia wakitembea mikono mitupu. Utafiti wa baadaye, wa mwaka 1995, ulieleza sababu: chini ya mzigo, mwendo wao unabembea kwa ufanisi zaidi, na nishati ya hatua moja inaokolewa kwa ajili ya hatua inayofuata.

Ni jambo la kujivunia, lakini kocha alisome mpaka mwisho. Msichana wa kilo 50 anayebeba kilo 10 bila kuulipia mzigo huo hapati pia mazoezi kutokana nao. Mwili ulishalimaliza tatizo hilo akiwa bado mdogo. Dumu la lita 20 ni karibu asilimia 40 ya uzito wake, hapo nishati inapanda, ila kama ni dumu lilelile, njia ileile, mwaka baada ya mwaka, nguvu zake zilishaacha kukua. Alichobaki nacho ni shingo imara, mgongo ulionyooka na kiwiliwili kinachotulia huku miguu ikienda. Huo ni msingi mzuri sana wa kujenga juu yake. Ukimwongezea dumu la mkononi upande mmoja tu, atembee mita 20 bila kuegemea, ghafla misuli ya ubavu na ya nje ya nyonga inaamka, kwa sababu tatizo ni jipya. Wiki zinazofuata ongeza maji kidogo kidogo, kisha mpandishe kwenye mteremko. Dumu ni chombo kizuri kuliko vyuma vingi ninavyovijua: unapima uzito kwa lita, na maji yanayocheza ndani yanamlazimisha mbebaji kurekebisha kila hatua.

Mchanga nao umezungukwa na imani nyingi. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1998 vilionyesha kwamba kukimbia kwenye mchanga laini kunahitaji nishati takriban mara 1.6 ya kukimbia kwenye ardhi ngumu, na kutembea mara 2.1 hadi 2.7. Mchanga unameza nguvu ya kila hatua, hauirudishi. Kwa hiyo unachosha moyo na mapafu upesi, unaimarisha nyayo, unapunguza kishindo cha kutua. Wakati wa kuanza maandalizi ya msimu, au kwa mchezaji anayerudi kutoka kwenye jeraha, ufukwe ni mahali pazuri. Lakini ile springi ya kano niliyoitaja haipati kazi pale, maana mchanga unaiba mrejesho. Timu inayokimbia mchangani mwaka mzima inajifunza kugusa ardhi polepole. Mbio za kasi zifanyike kwenye ardhi ngumu, hata kama ni uwanja wa shule uliokauka. (Na kabla ya kuwavua vijana viatu pwani, watume wapite kwanza kuokota ndoano, vipande vya nyavu na chupa.)

Kuhusu pekupeku, watafiti wakiongozwa na Daniel Lieberman walichapisha mwaka 2010 matokeo yaliyoonyesha kwamba wakimbiaji waliozoea kukimbia bila viatu, wakiwemo wa Bonde la Ufa nchini Kenya, mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, na kishindo kile kikali cha kisigino hakionekani. Habari hiyo iliwafanya watu wengi Marekani na Ulaya wavue viatu vyao, na baadhi wakaishia na nyufa kwenye mifupa ya nyayo, kwa kuwa misuli huzoea kazi mpya mapema kuliko kano na mifupa. Kijana wetu aliyekua pekupeku ana nyayo zilizoiva kwa hilo. Tatizo lake mara nyingi ni la kinyume: anapewa njumu ngumu siku ya mechi, namba si yake, na mguu wake haujawahi kuishi ndani ya kitu kama hicho. Njumu zivaliwe mazoezini kwa dakika chache kwanza, muda uongezwe wiki hadi wiki.

Kuchuchumaa nitakutaja kwa ufupi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 juu ya Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi hapa Tanzania ulionyesha kwamba hupumzika karibu saa 10 kwa siku, muda usiotofautiana sana na wa watu wa mijini, ila sehemu ya mapumziko hayo ni ya kuchuchumaa na kupiga magoti, mikao inayoacha misuli ya miguu ikifanya kazi kidogo. Mchezaji anayeweza kuchuchumaa mpaka chini visigino vikiwa ardhini ana vifundo vinavyokunjika vya kutosha kutua salama. Nikiona visigino vinanyanyuka, najua pa kuanzia.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa zaidi, ambalo haliandikwi kwenye miongozo mingi kwa sababu waandishi wake hawajaishi karibu na ziwa. Kazi na mazoezi hutumia mwili uleule.

Nilikuwa na kipa aliyekuwa akienda majini usiku. Saa kumi alasiri anafika uwanjani, ananyoosha mkono.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umelala?"

"Kidogo, mwalimu. Tumefika nchi kavu jua limeshatoka."

Nikamwona anahangaika na glovu. Vidole vilikuwa vimevimba kwa kamba, ngozi ya viungo imelainika kwa maji na kuchubuka, na ule mkanda mdogo wa kifundoni alishindwa kuubana mpaka mwenzake akamsaidia. Kikosi kizima kilikuwa kinasubiri zoezi la kudaka mashuti ya nguvu. Siku hiyo yeye alifanya kazi ya miguu na kusoma pembe tu, bila kuanguka wala kudaka.

Yako mahesabu rahisi ya kulipima jambo hili. Carl Foster, mtaalamu wa Marekani, alieneza njia ya kumwomba mwanamichezo aupe ugumu wa kipindi alama kutoka 0 hadi 10, kisha kuzidisha alama hiyo kwa dakika. Mazoezi yetu ya dakika 90 akiyapa alama 7 yanakuwa 630. Saa nne za kasia na nyavu, dakika 240, akizipa alama 6, zinakuwa 1,440. Kijana amekuja mazoezini akiwa ameshabeba zaidi ya mara mbili ya kile ninachotaka kumpa, tena bila usingizi, na usingizi ndio wakati mwili unapojijenga. Kocha asiyeuliza habari za usiku hajui timu yake imefanya nini. Daftari la shilingi mia kadhaa linatosha: jina, kazi ya jana, dakika, alama, saa za kulala.

Ziwa lenyewe linatupa kalenda. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, hivyo wavuvi wengi hukaa nchi kavu siku hizo. Makocha wengi hudhani ni nafasi ya kuwakamua vijana kuanzia siku ya kwanza. Mimi huwaacha walale kwanza. Baada ya usiku mmoja au miwili ya usingizi mzuri ndipo ninapoweka mbio za kasi na kuruka, mazoezi yanayohitaji mwili uliopumzika. Mwezi ukianza kupungua na mitumbwi ikirudi majini, tunapunguza uzito na kufanya zaidi ya mpira na mbinu. Vilevile mwaka 2024 Tanzania ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, vijana wengi walijikuta ghafla hawana ile kazi ya usiku. Nguvu ya mgongo na mikono iliyokuwa ikilindwa na nyavu inahitaji kulindwa na kitu kingine kipindi kama hicho: kuvuta kamba iliyofungwa kwenye kiroba cha mchanga, kujivuta kwenye tawi imara la mwembe, kubeba. Kuwapandisha kwenye michikichi mirefu kwa jina la mazoezi sikubaliani nako. Ile ni kazi ya watu waliojifunza taratibu, na kuanguka kwake hakuna marudio.

Zoezi la siku ya kawaida kwetu halina mbwembwe. Tunaanza na mpango wa FIFA uitwao 11+, unaochukua dakika 20 hivi: kukimbia taratibu na miendo ya pembeni, kisha mazoezi ya nguvu, usawa na kuruka, kisha mbio zenye kubadili mwelekeo. Katika utafiti uliofanyika Norwei kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, uliochapishwa mwaka 2008, majeraha yalipungua kwa takriban theluthi moja kwenye timu zilizoutumia. Kwa timu za wasichana naona ni lazima, maana hatari ya kuchanika ligamenti ya mbele ya goti, ile kamba ya ndani inayoshikanisha mifupa, kwao ni zaidi ya mara mbili ya wavulana katika michezo ileile, na msichana anayeumia goti mkoa ambao huduma ya upasuaji wa namna hiyo iko mbali mara nyingi ndiyo mwisho wake wa kucheza.

Baada ya hapo tunaingia kwenye michezo ya kusukumana na kuvutana wawili wawili, kwa sababu mpinzani ni mzigo unaobadilika kila sekunde. Kila mmoja anajaribu kumtoa mwenzake kwenye duara lililochorwa kwa kisigino. Hapo utaona nani anasukuma kwa nyonga na nani anasukuma kwa mabega tu. Kisha mbio fupi za kupanda. Barabara inayotoka stesheni ya reli kupanda kuelekea Mwanga ingefaa isingekuwa na bodaboda, kwa hiyo tunatafuta mteremko wa pembeni: sekunde sita hadi nane kupanda kwa nguvu zote, kushuka kwa kutembea, pumzi irudi kabisa kabla ya nyingine. Vijana huona mapumziko hayo marefu ni uvivu. Nawaeleza kwamba mbio za kasi zinazokimbiwa umechoka zinakuwa mazoezi ya pumzi, na siku ya pumzi tunayo. Siku mbili kwa wiki tunamalizia na lile zoezi la kupiga magoti, marudio machache, kwa sababu maumivu yake ya kesho yake huwa makali kwa mgeni.

Tangu timu ya Mashujaa ya hapa Kigoma ipande Ligi Kuu mwaka 2023 na mechi kubwa zianze kuonekana Uwanja wa Lake Tanganyika, vijana wananiuliza zaidi juu ya vyuma. Nawaambia vyuma ni vizuri kwa mtu aliyejua kuchuchumaa na kuinama bila chuma. Kunyanyua uzito mkubwa kwa miguu miwili huongeza ile nguvu ya juu ambayo baadaye mbio na kuruka vinaifundisha kutoka haraka, na mwendo wenyewe, kuinua kitu kizito kutoka ardhini, ni wa asili kabisa. Anayekosa chuma atumie kiroba, ila ajue kiroba kina kikomo. Mchezaji mkubwa aliyekomaa atakipita, na hapo timu itafute chuma.

Kocha anayetaka kuanza wiki hii aanze na simu yake. Weka boksi au tofali za urefu wa sentimita 30 hivi, mchezaji ashuke kwa mguu mmoja, atue na mguu huohuo, ashike sekunde tatu, nawe umrekodi kutoka mbele. Irudishe video polepole. Tazama kama goti linabaki juu ya vidole vya mguu au linaingia ndani, kama nyonga ya upande wa pili inadondoka, kama kisigino kinatulia. Fanya kwa miguu yote miwili, kwa maana mpiga kasia wa upande mmoja mara nyingi hatofautiani mikono tu. Andika unachokiona kwenye lile daftari, rudia baada ya wiki sita. Goti likiendelea kuingia ndani, mbio za kubadili mwelekeo zisubiri, kazi ya nyonga na ya dumu la mkono mmoja iendelee, na mzazi wake aelezwe kwa nini mwanawe yuko benchi.